Wale ni Sisi: Pango la Plato na Jumatatu ya Bordesley Green

Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 2024, saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa Birmingham, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Tanga. Kwao ilikuwa saa moja usiku, wameshaswali Magharibi. Nilimwamkia, hakuitikia. Wanaowajua watu wa Tanga wataelewa kwamba shikamoo isiyopata marahaba ni dalili ya msiba. Alisema tu, "Mwanangu, uko ndani?" Nikamwambia nipo. "Basi usitoke. Huko kwenu wanachoma watu moto."

Nilichungulia dirishani. Mtaa wetu wa Selly Oak ulikuwa kimya kama ulivyo kila Agosti wanafunzi wanaporudi makwao: mapipa ya taka, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, paka wa jirani juu ya ukuta. Nikamjibu, "Shangazi, huku hakuna kitu. Naona kwa macho yangu." Akasema, "Na mimi nimeona kwa macho yangu, kwenye simu."

Kila mmoja wetu alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonisumbua tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia. Saa moja kabla ya simu yake nilikuwa nimepokea ujumbe wa sauti katika kundi letu la wanafunzi wa Afrika Mashariki. Mwanamke anayezungumza Kiswahili chenye wasiwasi alisema wazungu wanakuja na mabasi kutoka miji mingine, wametaja mitaa, wana orodha. Sikumjua mwanamke yule na sikuuliza ni nani. Niliusambaza kwenye makundi matatu, mojawapo la ukoo wetu. Sina ushahidi kwamba ndio uliofika kwa shangazi. Lakini alipoanza kunisimulia aliyoyasikia, nilijikuta namalizia sentensi zake.

Kwa wasiokuwepo, nitaeleza kwa ufupi. Tarehe 29 Julai mwaka ule, wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu huko Southport wakiwa kwenye darasa la kucheza ngoma. Ndani ya saa chache jina la uongo likaenea mtandaoni, pamoja na madai kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia nchini kwa mashua. Aliyekamatwa alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff. Uongo haukungoja kusahihishwa. Ghasia zikalipuka katika miji mingi, na tarehe 4 Agosti hoteli za waomba hifadhi zikashambuliwa Rotherham na Tamworth, na Tamworth si mbali na hapa. Kwa hiyo shangazi hakuota. Moto aliouona ulikuwa moto wa kweli. Ila haukuwa wa mtaani kwangu.

Siku iliyofuata, ile Jumatatu, uvumi ukaenea Birmingham kwamba watu wa mrengo wa kulia wangekusanyika Bordesley Green. Mamia ya wanaume wa eneo lile, wengi wao Waislamu, wakatoka kulinda mtaa wao. Waliovumishwa hawakuja. Wale waliokuja kuwazuia wakabaki barabarani na hofu yao, na baadhi yao wakaishia kufanya vurugu wenyewe. Baa moja ikashambuliwa. Umati ulikuwa umesimama mbele ya kitu ambacho hakikuwepo.

Muhula ulipoanza, chama chetu kilisoma kwa pamoja lile pango la Plato, kutoka kitabu cha saba cha Jamhuri. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kulisikia: wafungwa wamefungwa minyororo tangu utotoni, nyuso zao zimeelekezwa ukutani, nyuma yao kuna moto, na kati yao na moto wapo watu wanaopitisha sanamu. Wafungwa huona vivuli tu, na sauti zinaporudi kama mwangwi hudhani vivuli ndivyo vinavyosema. Mmoja akifunguliwa, macho humuuma. Akiburutwa nje hadi juani hupofuka kwa muda, kisha taratibu huona vivuli, halafu picha za vitu majini, halafu vitu vyenyewe, na mwisho jua. Akirudi pangoni kuwaeleza wenzake humcheka, na wangeweza kumkamata wangemuua. Plato alikuwa anamkumbuka mwalimu wake Socrates, aliyenyweshwa sumu Athens mwaka 399 K.K.

Tulikwama pale ambapo wasomaji wa Kiingereza huenda hawakwami. Mwenzetu kutoka Mombasa alisema, "Jamani, kivuli kwetu si kitu kibaya." Ni kweli. Kivuli ndipo tunapokaa. Chini ya mwembe, kivulini, ndipo mashauri yanapotolewa na bao linapochezwa. Anayesimama juani saa saba mchana ndiye tunayemshangaa. Mgiriki anapolisifu jua, mtu wa pwani hujifuta jasho. Tukacheka, lakini hoja yake ilinikaa kichwani.

Kisha kuna lile neno letu *kuona*. Tunaona mtu, tunaona baridi, tunaona njaa, tunaona haya, na tukitaka kutoa maoni tunasema "mimi naona." *Kusikia* nako vilevile: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Plato anajitahidi sana kutenga macho na akili, maoni na maarifa. Kiswahili kimeviacha vikae chumba kimoja. Sidhani hilo ni upungufu wa lugha. Shangazi aliposema ameona kwa macho yake, alimaanisha ameona, ameogopa, na ameamua, vyote kwa mpigo mmoja. Na ndivyo mambo yalivyokuwa kwangu nilipobonyeza kitufe cha kusambaza.

Sasa nije kwenye ubishi wangu. Kila mtu anayesimulia habari za pango hujiweka katika nafasi ya yule aliyetoka. Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Mimi ni yule wa tatu kutoka kushoto, bado nimefungwa." Waliovamia hoteli ya Tamworth walijiona wameamka na wenzao wamelala. Waliokwenda Bordesley Green nao walijiona ndio waliokwisha kuijua hatari. Hata mimi, mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye kadi ya maktaba, nilisambaza ujumbe ule kwa hisia ya mtu anayewaletea wenzake habari za nje ya pango.

Na Plato mwenyewe aliliona hili, ingawa wanaomnukuu hulipita haraka. Glaucon anapostaajabia picha hiyo ya ajabu na wafungwa wa ajabu, Socrates anamjibu kwamba wafungwa hao wanafanana na sisi. Nilipofika hapo nilimkumbuka Katama Mkangi. Riwaya yake ya 1995 inaitwa *Walenisi*, na ukilitenganisha jina unapata "wale ni sisi." Shujaa wake, Dzombo, amehukumiwa kifo katika nchi yake na kurushwa angani ndani ya chombo kinachotakiwa kummaliza. Hafi. Anajifunza kukiongoza chombo na kutua katika nchi nyingine, ambako watu wanaishi kwa usawa. Mkangi hakuandika hayo kutoka kwenye kiti cha starehe. Aliwahi kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka katika Kenya ya miaka ya 1980. Yeye alikuwa na kila sababu ya kuandika "wale" na kuishia hapo: wale wakandamizaji, wale wajinga, wale vibaraka. Akaandika wale *ni sisi*.

Riwaya za distopia, yaani zile zinazochora jamii ya kubuni ambayo maisha yake yamegeuka jehanamu, mara nyingi husemwa kuwa ni pango la Plato lililowekewa umeme. Skrini ni ukuta, watawala ni wale wanaopitisha sanamu, shujaa ni mfungwa aliyefunguliwa. Ulinganisho huu ni mwepesi mno. Riwaya zilizo bora za aina hii zinabishana na Plato, na pale zinapobishana ndipo zinapotufaa.

Chukua mfano wa mtaani kwetu. John Wyndham, aliyezaliwa mwaka 1903, aliishi miaka kadhaa ya utoto wake hapa Edgbaston. Riwaya yake *The Day of the Triffids* ilitoka mwaka 1951. Usiku mmoja mbingu zinajaa mianga ya kijani, mizuri ajabu, na dunia nzima inatoka nje kutazama. Asubuhi karibu wote ni vipofu. Bill Masen anasalimika kwa sababu alikuwa hospitalini, macho yamefungwa bandeji, akinung'unika kwamba yeye peke yake ameikosa tamasha. Baadaye anaanza kushuku kwamba huenda mianga ile haikuwa ya vimondo, bali silaha zilizozungushwa angani na binadamu wenyewe. Plato alituambia mwanga huumiza mwanzoni kisha huponya. Wyndham anauliza swali ambalo mtu aliyeishi baada ya Hiroshima lazima aulize: nani ameuwasha huo mwanga? Wahenga wetu walisema macho hayana pazia. Katika riwaya hii, aliyekuwa na pazia ndiye aliyepona.

Swali hilo la nani ameuwasha moto linamrudia Plato mwenyewe. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri ileile, anapendekeza watawala wawafundishe raia hadithi ya uongo kwa manufaa ya mji: kwamba Mungu aliwachanganyia wengine dhahabu, wengine fedha, wengine chuma na shaba, hivyo kila mtu aridhike na daraja lake. Washairi wachujwe, hadithi zisizofaa ziondolewe. Mtu aliyelitambua pango ndiye huyohuyo aliyechora ramani ya kujenga jingine, lenye uingizaji hewa bora zaidi. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye, mwaka 1949, George Orwell akamwandika O'Brien katika *Nineteen Eighty-Four*: msomi, mpole, mwenye subira ya mwalimu, anayemtesa Winston mpaka akubali kwamba mbili na mbili ni tano. O'Brien si mjinga wa pangoni. Ametoka, ameona, akarudi kuwa msimamizi.

Kwa hiyo mimi naona tumekuwa tukiangalia upande usio wake wa hadithi. Tunazungumzia sana vivuli na kidogo sana minyororo. Soma tena: wafungwa wamefungwa shingo, hawawezi kugeuza kichwa. Maana yake hawawezi kutazamana. Kila mmoja anakiona kivuli chake na vivuli vya wenzake ukutani, lakini uso wa jirani aliyekaa naye bega kwa bega maisha yote hajawahi kuuona. Wangeweza kugeuka tu, hata bila kutoka nje, wangeyaona macho yanayotazama na kivuli kinachotazamwa, na pango lingeanza kuvuja.

Hapa Orwell anamzidi Plato, na hasa katika kile kitabu chake kidogo cha 1945 ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kama *Shamba la Wanyama*, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Amri zimeandikwa ukutani mwa ghala. Nguruwe wanahamia ndani ya nyumba na kulala vitandani. Clover, farasi jike, anakumbuka kwamba kulikuwa na amri dhidi ya vitanda, lakini hajui kusoma vizuri. Anafanya nini? Anamwita mbuzi Muriel amsomee. Muriel anasoma: kumbe amri inakataza vitanda vyenye shuka. Clover hakumbuki habari ya shuka, lakini ukuta umesema, basi akili yake ndiyo yenye kosa. Natamani sana Clover angemgeukia Muriel na kuuliza swali moja zaidi: "Na wewe, shoga yangu, unakumbuka shuka?"

Kisha kuna punda Benjamin. Usiku mmoja Squealer, yule nguruwe msemaji, anakutwa ameanguka kutoka kwenye ngazi chini ya ukuta ule, pembeni yake brashi na kopo la rangi. Wanyama hawaelewi. Benjamin anaelewa, anatikisa kichwa, na hasemi. Anajua kusoma kuliko wote ila nguruwe, na ananyamaza. Siku anapokubali kumsomea Clover ukuta, imebaki amri moja tu na shamba limekwisha. Plato alihofia msema kweli atauawa. Hofu hiyo ni halali. Sisi wenyewe tunasema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Lakini katika kundi letu la wanafunzi siku ile, naamini walikuwepo kina Benjamin. Watu walioisikia sauti ya yule mwanamke na kushuku, wakaona ni usumbufu kuandika "Umepata wapi hii?" Siwalaumu kuliko ninavyojilaumu. Ila kunyamaza kwa mjuzi nako ni kushika brashi.

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020, ndiye mwandishi wa Kiswahili aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) ni riwaya fupi mbili ambazo wanafunzi huzilalamikia, na mimi nilizilalamikia. Katika *Nagona* msimulizi husafiri, hufika kwenye mji ulio kimya, na njiani hukutana na wanafikra wakubwa wa ulimwengu waliokwisha kufa. Unategemea wamwonyeshe jua. Hawamwonyeshi. Kila mmoja ana kona yake. Msimulizi anapita, anaendelea kutafuta. Kezilahabi alikuwa ameisoma falsafa ya Kizungu vya kutosha, kiasi cha kutoiabudu, na nadhani alichokikataa ni ile dhana ya mlango mmoja wa kutokea. Mzingile ni njia zinazopotezana. Humo hakuna "nje" inayosubiri. Sikubaliani naye kabisa, kwa sababu ghasia za Tamworth zilitokea na za Selly Oak hazikutokea, na tofauti hiyo si suala la mtazamo. Lakini ananikumbusha kwamba dirisha langu lilinionyesha ukweli mdogo tu, na nilitaka kumuuzia shangazi kwa bei ya ukweli mkubwa.

Wapo watakaosema natetea ukweli wa kupigiwa kura. La. Bordesley Green walikubaliana mamia, na walikubaliana juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Penye wengi hapaharibiki neno, tunasema, na siku ile penye wengi neno liliharibika vizuri sana. Kumi wanaotazama ukuta mmoja ni sawa na mmoja. Ninachokitetea ni kumuuliza mtu aliyekaa mahali pengine.

Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Richard Hoggart alianzisha mwaka 1964 kituo cha kuchunguza utamaduni wa kisasa, na Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika, akaja kukiongoza. Mwaka 1973 Hall aliandika kwamba ujumbe wa televisheni haumwingii mtazamaji kama maji katika mtungi. Mtu anaweza kuupokea kama ulivyokusudiwa, au kuupokea nusu na kujadiliana na nusu nyingine, au kuukataa na kuusoma kinyume. Kituo kilifungwa mwaka 2002. Nampenda Hall kwa sababu hakumdharau mtu wa sebuleni. Plato humhurumia mfungwa kutoka juu. Waandishi wengi wa distopia nao huwachora watu wa kawaida kama kondoo. Hall alikaa nao, akauliza wanaona nini.

Saa mbili usiku ile Jumatatu nilimpigia mwenzetu anayekaa Small Heath, jirani kabisa na Bordesley Green. Hilo ndilo jambo la maana pekee nililofanya siku nzima, na nililifanya kwa sababu ya aibu tu. Akaniambia duka la nyama limefungwa mapema, vijana wamejaa njiani, wengine wamefunika nyuso, na hao wanaosemwa wanakuja hajawaona. "Kwako vipi?" akauliza. Nikamwambia kwangu kuna paka. Tukacheka kicheko cha watu wenye hofu. Kisha nikampigia shangazi, nikamweleza ya dirisha langu na ya mwenzangu, na moto aliouona umetokea wapi. Nikamwambia pia kwamba ujumbe wa yule mwanamke niliusambaza mimi. Akanyamaza kidogo. "Kumbe ni wewe," akasema. Ndipo akanipa marahaba yangu.

Jumatano, tarehe 7, uvumi mwingine ulitaja ofisi zinazosaidia wahamiaji katika miji mingi. Birmingham, watu kwa mamia walikwenda kusimama Jewellery Quarter kuzuia shambulio. Washambuliaji hawakuonekana tena, na safari hii watu walisimama, wakaimba, wakarudi nyumbani. Nilikuwepo, nimekwenda kwa basi, na njia nzima nilikuwa naona watu wananitazama. Labda walikuwa wanatazama simu zao.

Shangazi hajaacha kutuma video. Wiki iliyopita ilikuja ya gari linalosombwa na mafuriko, na juu yake pameandikwa Birmingham kwa herufi nyekundu. Chini yake ameongeza maneno yake mwenyewe: "Hebu chungulia dirishani." Nilichungulia, hata mvua hakuna. Kisha nikampigia wa Small Heath.